Mwenye Kulinda Mkoba

Zipu ya mkoba wa mama imekufa tena. Safari hii fundi wa sokoni Jinja amenirudishia akisema ngozi yenyewe imeoza, hakuna pa kushonea. Nimeutundika nyuma ya mlango wa jikoni kwangu huku nikitafuta namna ya kumwambia mwenyewe, kwa sababu mama si mtu wa kuambiwa kitu chake kimekwisha. Kila nikiufungua harufu ni ile ile: karanga za kukaanga, mafuta ya kujipaka na nta ya mshumaa. Humo ndani vimepita vitu vingi, hata samaki wakavu wa kwenda nao Budondo, lakini harufu hizo tatu hazijakubali kuhama. Wenzangu mliokulia kwenye benchi za kanisa Katoliki mtanielewa nikisema kwamba mkoba huu ulinifundisha dini kabla ya katekisimu.

Tulikuwa tukikaa kambi ya magereza, Jinja. Baba alikuwa askari wa jela, Mteso. Mama alikuwa Msoga wa Budondo, mtoto wa wakulima. Baba hakukijua Kisoga na mama hakukijua Kiteso, kwa hiyo sisi tukalelewa kwa Kiswahili, kama nusu ya kambi ile. Nje ya geti lugha hiyo haikutupatia marafiki. Wazee wa mjini waliisikia wakakumbuka wanajeshi waliowatesa kwa lugha hiyo hiyo, na watoto wa shule Mpumudde waliniita afande hata kabla sijafungua mdomo. Mimi sikujali sana. Kwetu ilikuwa lugha ya kugombezwa na ya kusali, basi.

Jumapili tulikwenda misa ya pili, mama na mimi. Baba alikuja mara moja moja, maana alikuwa mtu wa zamu, na akija alisimama nyuma karibu na mlango. Wakati wa Komunyo watu waliinuka benchi kwa benchi. Mama alisogeza magoti pembeni ili wapite, akaukumbatia mkoba mapajani kwa mikono miwili, akabaki. Nilikuwa mdogo, sijapokea hata Komunyo ya kwanza, nikamwuliza kwa nini yeye haendi.

"Nikienda, nani atalinda mkoba?" akasema, macho yakiwa mbele.

Jibu lile liliniingia vizuri kabisa. Niligeuka kuangalia, nikaona wanawake wengine nao wamebaki, mmoja huku, wawili kule, kila mmoja na mkoba wake mapajani na wa jirani ubavuni. Nikajua hicho ni kikundi. Kanisa lilikuwa na kwaya, lilikuwa na wanaokusanya sadaka, na lilikuwa na walinzi wa mikoba, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Nilijivuna. Kuna binti mmoja wa kambini ambaye mama yake aliimba kwaya na hakutuacha tusahau. Nilimwambia kwamba kuimba mtu yeyote anaweza, lakini padri hawezi kumpa kila mtu kulinda mali za watu.

Nilipopata Komunyo ya kwanza nikaona huruma kidogo, kwamba mlinzi hapati zamu ya kupumzika. Jumapili iliyofuata nikamnong'oneza, "Mama, leo nalinda mimi. Wewe uende."

"Wewe mtoto. Watakuibia," akasema, akaubana mkoba zaidi. Kisha akatazama madirisha muda mrefu, na mimi nikaudhika kwamba haniamini.

Mambo yalibadilika nilipofika sekondari na kuanza mafundisho ya Kipaimara. Hapo nikafundishwa kwamba mtu akiwa katika dhambi kubwa asisogelee meza ya Bwana mpaka aungame. Nilikaa na sentensi ile wiki nzima. Niliwaza wale wanawake wa mikoba, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuna aliyewahi kuwatangaza kama kikundi. Kumbe mama alikuwa na dhambi. Sikulia. Nilifanya alichofanya baba kila alipopotewa na funguo: nikaanza kupekua.

Sikuhangaika sana. Mama alikuwa akipika malwa, ile pombe ya ulezi, nyuma ya nyumba yetu, na askari walikuja jioni wakakaa kuzunguka chungu na mirija yao mirefu. Hilo tu. Sikuona kingine cha kumlaumu. Hakusengenya kuliko wengine na hakuiba. Nikakata shauri kwamba ni malwa, na kwamba kazi ya kumtoa mama kwenye benchi ni yangu. Siku ya Kipaimara wazazi hupokea Komunyo pamoja na watoto wao, na mimi sikutaka kurudi mahali pangu nikamkute mama yangu ameketi na mkoba mbele ya askofu. Nilianza kumwachia maneno ya kanisani juu ya ulevi, nikiyasema kama ninajisemea. Mama alisikiliza akikoroga, mwisho akauliza, "Ada yako ya shule unafikiri inatoka kwa rozari?" Sikukubali.

Baba alihamishiwa Mbale mwaka huo huo. Tukapewa nyumba upande wa chini ya Wanale, mlima ule ukiwa juu ya kila kitu tunachofanya, na mvua ikinyesha unaona maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba, meupe, huku nguo zako zinalowa kambani. Mama alilalamikia baridi na kupika malwa upya kwa wateja wapya. Mimi nilijiunga na vijana wa parokia, nikapewa kazi ya Jumamosi hospitalini. Asubuhi tulifua nguo za wagonjwa wasio na ndugu, kisha mmoja wetu alitembea na katekista, Mwalimu Fabiano, akipeleka Komunyo wodini. Mwalimu Fabiano alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa kaunda suti ya kijivu hata kwenye joto. Alipobeba Sakramenti kifuani hakumsalimia mtu yeyote njiani, na ndiyo maana alihitaji mtu wa kutangulia na mshumaa ili watu waelewe wasimwone mwenye kiburi. Huyo mtu nikawa mimi.

Mwalimu wa hesabu naye aliweka vipindi vya ziada Jumamosi hiyo hiyo. Nikawa mtu wa mbio. Nilitoka hospitalini mikono inanuka sabuni, nikapanda boda boda kama nina nauli, nikashuka kabla ya shule na kumalizia kwa miguu kama sina. Nilifika wenzangu wameshafuta ubao wa kwanza. "Mtakatifu amefika," mwalimu alisema, na darasa likacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu ningefanya nini. Alama zangu zilishuka, zikapanda kidogo, zikashuka. Baba alitaka niache hospitali. Mama ndiye aliyekataa. Alisema mtu anayefua nguo za mgonjwa asiyemjua hawezi kushindwa na hesabu, maneno ambayo hayana ukweli wowote, lakini nilimpenda kwa kuyasema.

Kipaimara kilikuwa kimekaribia. Nilianza novena, sala ya siku tisa: mama aondoke kwenye benchi. Sikutaja malwa tena, nilimwachia Mungu achague njia. Niliisali ikaisha nikaianza upya, kwenye foleni ya maji, nikifua, nikishika mshumaa.

Katikati ya hayo akaja mgeni. Baba alimleta jioni kutoka kituo cha mabasi, mwanamke mwembamba sana, mkubwa kuliko mama, amevaa gomesi iliyokuwa pana kwake, anapumua kwa shida. Nilipiga magoti kumsalimia. Alinishika kidevu akaniangalia uso kwa makini, akasema, "Emorut kabisa." Hilo ndilo jina la baba.

"Huyu ni mtu ya nyumbani, Mama Apolot," baba akasema, na hakukaa. "Iko mgonjwa. Atalala hapa mpaka hospitali imwone." Akatoka kwenda zamu ambayo nilijua si yake.

Nilimchukulia kuwa dada yake. Shangazi wa upande wa baba nilikuwa sijawahi kuwaona, na huyu alikaa na mama kama mawifi wanavyokaa, kwa heshima nyingi na maneno machache. Mama alimpa kitanda changu. Alimpikia uji wa ulezi, akatwanga karanga za mchuzi, akamchemshia maji ya kuoga. Mgeni alipolazwa, mama ndiye aliyekwenda asubuhi na jioni na chupa ya uji ndani ya ule mkoba, maana hospitali ile, kama zetu zote, inatibu lakini chakula ni shauri lako. Malwa ilipumzika. Wateja walikuja wakakuta chungu kimefunikwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona novena imeanza kufanya kazi.

Jumamosi ile nilitangulia na mshumaa kama kawaida. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa hadi sakafuni. Mama alikuwepo, amekaa ukingoni mwa kitanda cha Mama Apolot, anamshikia kikombe. Alipotuona akasimama, akapiga ishara ya msalaba, akarudi nyuma hatua kadhaa. Mama Apolot alisema anataka kupokea. Mwalimu Fabiano, kwa mtu asiyemjua, alikuwa na desturi ya kuuliza kwanza, kwa sauti ya chini lakini si ya siri, kwa kuwa vitanda vimebanana hakuna siri.

"Mama, umebatizwa kwetu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uko na ndoa ya kanisa?"

"Iko. Padri alitufunga kwetu, Teso."

"Bwana yako ni nani?"

"Emorut," akasema. "Anafanya kazi ya jela, hapa hapa Mbale. Baba ya huyu binti ya mshumaa."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja kijiji chake. Mwalimu Fabiano hakunitazama, na nilimshukuru baadaye. Alisoma sala, akampa Komunyo. Mimi nilisimama na mshumaa, nta ikinidondokea kidoleni, na nakumbuka kwamba sikuusogeza. Mama alichukua mkoba wake kutoka chini ya kitanda, akatoka nje barazani taratibu, na kupitia dirishani nikamwona amekaa pale kwenye saruji, ameukumbatia mapajani kwa mikono miwili.

Siku hiyo sikwenda kwenye hesabu. Nilimkuta mama bado amekaa, tukaanza kutembea kurudi nyumbani, na tulipovuka mto ndipo nikaweza kuuliza.

"Ni mke wa baba?"

"Mke ya kanisa, ndiyo. Mimi ni ya nyumbani." Alitembea kidogo. "Baba yako alipopelekwa Jinja, yeye alikataa kuacha shamba na mama mkwe. Miaka ikaenda. Halafu baba yako akanipata mimi. Nilijua. Hakuna mtu alinidanganya."

"Kwa nini hamkwenda kwa padri? Mkafunga yenu?"

"Ndoa ya kanisa haifunguliwi kama kamba ya mbuzi. Inangoja mmoja yao afe."

Nilisimama pale pale njiani. Kichwa changu cha mtoto kilifanya hesabu ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuiona ikifanywa haraka vile. Nilikuwa nimesali mama aondoke kwenye benchi. Nilikuwa nimemwachia Mungu achague njia. Na mara, bila mtu kumwita, mwanamke akateremka kwenye basi akiwa anakufa, akalala kitandani kwangu. Nilianza kulia kwa sauti, barabarani, mbele ya wauza ndizi, mimi ambaye sikulia hata nilipogundua mama ana dhambi.

Mama aliniacha nilie kwanza. Kisha akataka kujua ni nini, nikamwambia yote, novena na malwa na Kipaimara, vikitoka ovyo. Alinisikiliza uso wake ukiwa haujulikani unakwenda wapi. Nilidhani atanichapa. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akanifuta pua kama mtoto wa chekechea.

"Mungu haui watu kwa sababu ya wewe," akasema. "Usijifanye mkubwa. Huyu mama aliugua kabla wewe kujua kusali."

"Sasa nifanye nini?"

"Badilisha sala. Omba apone, arudi kwake. Mimi nimechoka kupika uji."

Lakini hakuwa amechoka, au hakuonyesha. Aliendelea kwenda asubuhi na jioni. Nami nilibadilisha sala, na nakiri niliisali kwa bidii kuliko ile ya kwanza, kwa woga mtupu. Usingenijua ungefikiri ninampenda sana Mama Apolot. Baada ya muda nilimpenda kweli. Jumamosi alinisubiri na swali la jinsi masomo yanavyokwenda, na alipopata nguvu ya kukaa alinisuka nywele pale kitandani huku akinisimulia baba alivyoogopa ng'ombe alipokuwa kijana, habari ambayo ilinisaidia sana nyumbani.

Akapona. Madaktari walimpa dawa za kumeza nyumbani, baba akampeleka kwenye basi, na mama akampakia karanga za njiani. Waliagana kwa kushikana mikono yote miwili, na sikusikia walichosemezana. Wiki chache baadaye askofu alikuja, akanipaka mafuta kwenye paji la uso. Nilipotoka kupokea Komunyo nilirudi benchi, nikamkuta mama mahali pake, nguo yake nzuri ya bluu, mkoba mapajani. Niliketi karibu naye nikashika mshikio mmoja wa mkoba, yeye akashika wa pili. Tukakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Nilikuwa na hasira, sijui kwa nani, na pia nilikuwa na raha kwamba kuna mtu mahali fulani Teso anavuna mtama wake.

Miaka mingi ilipita hivyo. Nilimaliza shule, hesabu ikanisamehe, nikarudi Jinja kufanya kazi. Baba akastaafu, wakahamia Budondo, na mama akaendelea kukaa kwenye benchi za kanisa la huko.

Baba alipofariki tulimpeleka kwao Teso, kama desturi inavyotaka. Mama Apolot alitupokea uani. Alikuwa amezeeka, lakini alisimama wima kuliko sisi sote. Alimwonyesha mama mahali pa kulala kabla ya mtu mwingine yeyote, akamletea maji. Jioni ile padri alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ghala la mtama kusikiliza maungamo, na watu wakapanga foleni. Mama alikuwa kwenye foleni. Nilimtazama kwa mbali akipiga magoti. Alikaa pale muda mrefu kuliko wengine, na aliporudi alikwenda moja kwa moja kumenya viazi na wanawake.

Kwenye misa ya mazishi Mama Apolot aliwekwa mstari wa mbele, kiti cha mjane. Ilikuwa haki yake na mama hakuwa na tatizo nayo. Sisi tulikaa nyuma yake. Ulipofika wakati wa Komunyo watu wakaanza kuinuka, na mimi nikamtazama mama. Alisimama. Kisha akaona mkoba mkononi mwake, akasita, akakaa tena, akasogeza magoti pembeni ili wengine wapite. Ni mazoea tu. Mwili wake haukuwa umesikia habari. Nilinyoosha mkono niuchukue, lakini nilichelewa.

Mama Apolot alikuwa amegeuka. Aliinuka kutoka kiti chake cha mbele, mbele ya ukoo mzima na jeneza, akaja mpaka kwetu, akautoa ule mkoba mapajani mwa mama.

"Lete," akasema. "Leo nalinda mimi. Wewe enda."

Mama alimtazama. Kisha akaenda, mikono mitupu, haijui pa kukaa, akaifunga kifuani mwishoni. Mimi nilifuata nyuma yake. Nilipogeuka nilimwona Mama Apolot amekaa kwenye kiti cha mama, ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili, anatazama mbele.

Mstari uliisha, padri akafunika kikombe, naye alikuwa bado amekaa pale. Jioni, tukiosha masufuria, nilimwuliza kwa nini hakwenda yeye, mjane mwenyewe, siku ya kumzika mume wake. Alisugua sufuria kwanza mpaka likang'aa.

"Hiyo mkoba ni nzito," akasema. "Sikuona mtu ya kumwachia."